Barua ya Wazi: Treni ya Abiria ya Mombasa Ipewe Fungu Lake, Kwa Maandishi

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Kwa Waziri wa Hazina ya Taifa,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli la Kenya,
Kwa Gavana wa Mombasa, pamoja na Maseneta na Wabunge wetu wa Pwani.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Changamwe.

Kazi yangu ni kliaringi. Kila mzigo ninaoutoa Kilindini una hati yake ya forodha, na katika hati hiyo, pamoja na ushuru na VAT, kuna mstari wa Tozo ya Maendeleo ya Reli. Tozo hiyo ilianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Baadaye ilipandishwa, mwaka 2023 ikateremshwa, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikarudishwa kuwa asilimia 2. Mzigo wa thamani ya shilingi milioni 2 unailipia reli shilingi 40,000 kabla lori halijatoka getini. Mwenye mzigo hutoa pesa hizo, kisha huziingiza katika bei ya vigae, vipuri na vyombo anavyouza. Kwa hiyo mama muuza nyanya wa Kongowea anayenunua sufuria mpya anailipia reli, hata kama maisha yake yote hajawahi kukanyaga behewa.

Nayataja haya kwanza kwa sababu kila inapozungumzwa ruzuku ya treni, tunaambiwa kana kwamba wananchi wanaomba kubebwa bure. Tumekuwa tukilipa tangu 2013, miaka 4 kabla treni yenyewe haijaanza. Tunachotaka kukijua ni sehemu gani ya malipo hayo inamfikia abiria.

Ombi langu nitalisema mapema. Treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi iwe na mkataba wa huduma ulioandikwa, wenye fungu lake la fedha la miaka kadhaa, lililotengwa na deni la ujenzi, na mkataba huo uwekwe wazi mwananchi ausome. Hivi sasa gharama za treni hii zikizidi, hugongwa mlango wa abiria. Wakati mwingine umegongwa mlango wa bandari. Sisi wa Mombasa tumegongewa milango yote miwili.

Nianze na mlango wa abiria. Treni ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, nauli ya kuvutia wasafiri ilikuwa shilingi 700. Haikukaa, ikawa 1,000. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ikawa 1,500, na daraja la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Sababu tuliyopewa ni bei ya mafuta, na ni kweli kwamba injini za treni hii zinatumia dizeli. Lakini hebu tutazame mafuta yenyewe. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa na serikali kutoka asilimia 8 hadi 16. Nusu mwaka baadaye treni ya serikali ikampandishia abiria nauli kwa nusu nzima ya ile aliyokuwa akilipa, kwa sababu mafuta yamekuwa ghali. Mwananchi yule yule alitozwa kituoni alipoweka mafuta, akatozwa tena stesheni. Kama kungekuwa na mkataba unaosema gharama ya dizeli ikipanda kiasi fulani ni nani atakayebeba sehemu gani, uamuzi kama huo usingetangazwa kwa abiria ukiwa umeshapikwa na kupakuliwa.

Kwa msafiri mmoja mwenye mshahara, shilingi 500 zaidi huenda asizihisi sana. Zinahisiwa na watu wazima wanne wa nyumba moja wanaokwenda mazishi bara na kurudi: zamani walihitaji shilingi 8,000, sasa ni 12,000. Zinahisiwa na mgonjwa aliyepewa barua ya kwenda Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ambaye hawezi kukaa usiku kucha kwenye kiti cha basi, na ambaye lazima awe na mtu wa kumsindikiza. Zinahisiwa na mzazi wa Mtongwe au Kisauni mwenye mtoto chuoni Nairobi, anayempeleka na kumrudisha kila muhula. Kwa watu hawa treni ndiyo njia ya salama inayofika kwa saa inayojulikana, na wanajua vizuri ubaya wa barabara ile usiku. Zaidi ya watu milioni 2 hupanda treni hii kwa mwaka. Huduma yenye watu wengi hivyo haiwezi kuendeshwa kwa matangazo ya nauli peke yake.

Sasa mlango wa bandari, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo, kwa kuwa ndipo mji huu ulipoumia. Reli kutoka hapa hadi Nairobi, kama kilomita 472, iligharimu takriban shilingi bilioni 327, na asilimia 90 ya fedha hizo zilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, uliotiwa saini mwaka 2014. Hesabu yote ya kuulipa ilitegemea mizigo. Mamlaka ya Bandari ilifungwa kwa makubaliano ya kuhakikisha kiasi fulani cha shehena kinapakiwa kwenye reli. Shehena haikufika kiasi kile kwa hiari ya wenyewe. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote ya kuingia nchini inayokwenda Nairobi na bara ipande SGR, yaani reli hii mpya, ikakaguliwe na kuondolewa kwenye bandari ya nchi kavu ya Embakasi.

Mliokuwa madarakani wakati ule mnakumbuka maandamano ya kila Jumatatu hapa mjini. Mimi nakumbuka ofisi za kliaringi zikifungwa barabara nzima. Bohari za makontena za Changamwe na Jomvu zilibaki viwanja vitupu. Madereva na mataniboi wakakosa kazi, na mama lishe wa Mariakani waliokuwa wakiwapikia madereva hao wakazima majiko. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaiona amri hiyo kuwa batili, na Septemba 2022, siku ileile aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kurudisha shughuli za kuondoa mizigo bandarini Mombasa. Lakini miaka mitatu ilikuwa imeshapita. Wapo waliouza nyumba. Wapo wenzangu waliohamia Nairobi na hawajarudi.

Funzo ninalolipata hapo linawahusu abiria moja kwa moja. Reli ikiwa na mfuko mmoja tu, wa deni, wa mizigo na wa abiria kwa pamoja, basi upungufu wa upande mmoja hufukiwa kwa kumbana yeyote asiye na nguvu siku hiyo. Mwaka 2019 alibanwa mtu wa bandari, mwaka 2024 akabanwa abiria. Sina uhakika wowote wa kujua zamu ijayo ni ya nani, na ndiyo maana naandika kabla haijafika.

Waheshimiwa, deni la kujenga njia na gharama ya kuendesha treni ni vitu viwili. Deni lililipia tuta, madaraja na mataruma yatakayotumika miaka mingi na vizazi vingi. Gharama ya kuendesha ni dizeli ya leo, mshahara wa dereva wa leo, usafi wa mabehewa, vipuri, ulinzi wa njia inayokatiza Tsavo. Mkivichanganya, abiria wa leo anadaiwa tuta la miaka hamsini katika tiketi ya safari moja, na hakuna nauli duniani itakayotosha. Hakuna anayemwambia dereva wa matatu ya Kilifi alipe gharama yote ya kujenga daraja la Nyali kwa nauli za wiki hii. Mwaka 2025 mligeuza mikopo ya reli kutoka dola kwenda yuan, na Hazina ikaeleza kwamba Kenya itaokoa dola milioni 215 kwa mwaka. Ni hatua nzuri na naipongeza. Basi elezeni pia katika nafuu hiyo abiria ana sehemu gani, walau sehemu ndogo.

Halafu kuna jambo la stesheni ndogo. Treni ya asubuhi husimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Treni ya haraka haina haja ya vituo hivyo vyote. Mtu wa hesabu akikaa na karatasi yake ataona kwamba kusimama Miasenyi hakulipi: unapunguza mwendo, unaajiri wafanyakazi, unawasha taa, na wanaoshuka ni wachache. Lakini wale wachache ndio sababu ya serikali kuwa na treni. Kama faida ingekuwa ndiyo kipimo, tungewaachia kazi hii wenye mabasi. Serikali inapotaka treni isimame mahali pasipolipa, iseme kwa maandishi kwamba inataka, na ilipe bei ya kusimama pale. Ikikaa kimya, siku fedha zikipungua kituo kitakufa polepole bila mtu yeyote kuwa ameamua kukiua. Wazee wetu wameshayaona hayo kwenye reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Treni ya abiria ya reli ile ilidhoofika mwaka hadi mwaka, ukarabati ukawa haba, ikawa inachelewa kwa masaa mengi, na mwaka 2017 ikasimamishwa. Ilikufa kwa kunyimwa matunzo muda mrefu.

Mtaniuliza, je, kuna mahali serikali huilipia treni kwa utaratibu huu ninaoutaka? Pako. Marekani, ambako tunadhani kila kitu ni biashara, ilipitisha sheria mwaka 2008 kwamba njia za treni za Amtrak, shirika lao la treni za abiria, zisizofika maili 750, yaani kama kilomita 1,200, zigharamiwe na majimbo yanayohudumiwa, kwa fomula moja inayotumika kwa wote. Ilianza kutumika Oktoba 2013. Njia yetu ya kilomita 472 ingekuwa kule ni njia fupi ya jimbo. California na Illinois zinatoa pesa zao kila mwaka na treni zinakwenda. Jimbo la Indiana lilikata fedha zake mwaka 2019, na treni ya Indianapolis kwenda Chicago, iliyokuwa ikienda siku nne kwa wiki, ikasimama mwisho wa Juni mwaka huo. Mfano huu nauleta na uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba bili inaonekana: kila jimbo linajua linalipa nini na linapata treni ngapi. Ubaya ni kwamba fungu la mwaka mmoja mmoja huweza kukatwa na kikao kimoja cha bajeti. Wajerumani walilifikiria hilo mapema zaidi, kwani tangu mwaka 1996 serikali yao kuu huyapa majimbo fedha kwa mujibu wa sheria ili yaagize treni za mikoa kwa mikataba, na mikataba hiyo huwa ya miaka mingi.

Na hata hapa jirani, Tanzania walipoanzisha treni yao ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nauli zilitangazwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Anayeendesha treni ni mmoja na anayepitisha nauli ni mwingine. Sisi anayeendesha na anayepandisha nauli ni yule yule, na abiria husikia kupitia tangazo.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Nendeni Likoni. Kila alfajiri maelfu ya watu huvuka kwa miguu kwenye feri bila kulipa hata ndururu, na wenye magari hulipa. Hakuna mbunge anayesimama kusema feri inakula hasara kwa sababu ya watembea kwa miguu. Mji mzima unaelewa kwamba bila mvuko ule viwanda havifunguki, shule hazifunguki, na bandari yenyewe haina wafanyakazi. Ile ni ruzuku ya usafiri wa abiria, na Mombasa inaishi juu yake. Treni nayo ni mvuko, ila ni mrefu zaidi.

Najua jibu la wengine: kwa nini mtu wa Mandera au Turkana amlipie msafiri wa Mombasa? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la haki. Mtu wa Mandera pia huilipia Barabara ya Mombasa. Kila lita ya mafuta nchini hukatwa shilingi 25 za kutunza barabara, zilizotoka 18 mwaka 2024, na hakuna anayeuliza barabara imeleta faida gani. Vilevile, katika pendekezo langu fedha za treni zitoke kwenye tozo ya reli, ambayo imeshakusanywa kwa jina la reli. Andikeni ndani ya Sheria ya Ada na Tozo Mbalimbali ya mwaka 2016 kwamba sehemu fulani ya tozo hiyo, hata iwe ndogo, ni ya kuendesha huduma ya abiria na haitatumika kwingine. Mtu wa Mandera naye ataweza kuisoma na kuihoji.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kwa sasa ni mpango wa kuiweka tozo hii dhamana. Hazina imeeleza nia ya kukopa kwa kutegemea makusanyo yajayo ya tozo ili reli itoke Naivasha ifike Kisumu na Malaba. Sipingi reli kufika Malaba. Mizigo ya Uganda ndiyo riziki yetu, na treni inayoishia Naivasha haiwezi kumfaa mtu wa Kampala. Lakini tumeshaona kwenye barabara: katika zile shilingi 25 za kila lita, shilingi 7 zimewekwa dhamana kulipa madeni ya makandarasi, na pesa za kufukia mashimo zimepungua kwa kiasi hicho hicho. Mkiiweka rehani tozo ya reli yote kwa ajili ya ujenzi, hakuna kitakachobaki cha kuendesha treni iliyopo. Miaka kumi mbele tutakuwa na njia ndefu hadi mpakani na mabehewa mabovu juu yake. Kabla hamjatia saini, tengeni kwanza sehemu ya abiria. Baada ya kutia saini mtatuambia fedha zimeshafungwa, na mtakuwa mkisema kweli.

Kwako Gavana, na Wabunge wa Kaunti. Sitaki kaunti ibebeshwe mzigo wa njia kuu. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeweka reli mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, na kaunti yetu ina shida zake za kutosha. Lakini usafiri wa ndani ya mji ni wenu. Treni ilipoanza 2017 iliishia Miritini, na abiria akamalizia safari kwa matatu au tuktuk, na masanduku yake na watoto wake, kwenye foleni ya Changamwe. Mtu aliyetoka Nairobi kwa saa tano alikuwa akiweza kupoteza saa nzima kati ya Miritini na Mwembe Tayari. Nauli ya kipande hicho cha mwisho ni sehemu ya nauli ya treni, hata kama haimo kwenye tiketi. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali hizi mbili kukabidhiana majukumu kwa makubaliano. Kaeni na Shirika la Reli, mwandikiane nani analipia treni za kati ya Miritini na kisiwani, zitakwenda mara ngapi kwa siku, na matatu zitasimama wapi ili zilishe stesheni badala ya kuiziba.

Nanyi wa Shirika la Reli, chapisheni hesabu za abiria peke yake. Zitengeni na za mizigo: mapato ya tiketi, dizeli, mishahara, matengenezo, malipo kwa kila kampuni iliyowahi kuendesha au inayosaidia kuendesha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma na mzigo ugawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na kijacho. Bila hesabu hizo hatuwezi hata kubishana vizuri. Nyinyi mtasema nauli haitoshi, sisi tutasema imezidi, na hakuna atakayekuwa na karatasi mkononi. Huenda hesabu zikaonyesha kwamba 1,500 ni bei ya haki. Zikionyesha hivyo, mimi nitakuwa wa kwanza kuwaeleza jirani zangu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuonyesheni uzito wa mzigo wenu nasi tutauheshimu.

Waheshimiwa Wabunge na Maseneta wa Pwani, nyinyi mna kalenda. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Kati ya siku hizo mbili wananchi huitwa kutoa maoni. Tunaomba mstari wa huduma ya treni ya abiria uwemo kwenye makadirio hayo, wenye kiasi chake na chanzo chake, na kikao kimoja cha maoni kifanyike hapa Mombasa, kingine Voi, kwa sababu watu wa Taita nao wanaipanda treni hii na hawaulizwi kabisa. Kikifanyika jioni, baada ya saa za kazi, watu wa bandari watafika. Mimi nitakuja na nakala za hati za forodha zenye mstari wa tozo, wateja wangu wakiniruhusu, ili mjadala uanze na pesa zilizokwisha kulipwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa forodha,
Changamwe, Mombasa